Shilingi Inapopitia Mwilini: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Afya na Matumizi ya Kila Siku

Barua nyingi zilizofika mezani mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu wa kipato cha kawaida jijini Nairobi ataulindaje mwili wake bila kuuvuruga mfuko wake? Nimechagua barua nne. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime katika kila jibu: kwa wengi wetu, pesa zinazotuharibia afya na pesa zinazotukosesha akiba ni zile zile, nazo hututoka katika nyakati zile zile za siku. Hata hivyo, yapo matumizi machache ambayo hayafai kubanwa hata kidogo, na watu wengi huanza kubana hapo hapo.

Swali: Mimi ni karani wa bohari katika Eneo la Viwanda, nina miaka 41, na ninaishi Kayole pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Mshahara unaonifikia mkononi ni shilingi 32,000. Juzi tulipimwa kazini na shinikizo langu la damu likawa 148 kwa 94. Niliambiwa nibadilishe chakula na nifanye mazoezi. Nilipoangalia bei za oti, lozi, mafuta ya zeituni na ada ya jimu, nilikata tamaa. Mimi huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Nikikaribia kazini hunywa chai na mandazi mawili kwa shilingi 50, saa nne hula soseji ya smoki ya 40, mchana chipsi za 120, na jioni nikisubiri matatu hununua soda ya 60. Mke wangu hununua ndengu kwa shilingi 180 kwa kilo. Je, chakula cha afya si cha matajiri tu?

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na vipimo vyako kabla ya chakula. Kipimo kimoja hakitoshi kusema kwamba mtu ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Daktari huamua hivyo vipimo vinapofika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, ukiwa umeketi kwa utulivu kwa dakika tano, mkono umeuegemeza usawa wa moyo, na hujanywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Kwa hiyo rudi upimwe. Huhitaji kulipa pesa nyingi kwa hilo, kwa kuwa wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua wapatao 100,000 mnamo Septemba 2023, walipewa mikoba yenye mashine za kupima shinikizo la damu na sukari, na kazi yao ni kuzuru nyumba za mitaa wanayoishi. Muulize mzee wa mtaa au kituo cha afya kilicho karibu nawe ni nani anayehudumia eneo lenu.

Sasa tuhesabu. Ulivyoorodhesha, siku yako ya kazi inakula shilingi 270 kabla hujafika nyumbani. Ukifanya kazi siku 24 kwa mwezi, hizo ni shilingi 6,480, yaani sehemu moja kwa tano ya mshahara wako, na hakuna hata siku moja uliyohisi kwamba umetumia pesa nyingi. Nakuomba usiniamini mimi; fungua menyu ya M-Pesa, omba taarifa ya miamala ya mwezi mmoja, kisha utie alama kwenye kila malipo uliyofanya kati ya mlango wa nyumba na lango la kazini. Pesa taslimu ziandike kwenye daftari kwa wiki mbili. Watu wengi wakiifanya kazi hii hugundua kwamba matumizi yao makubwa ya chakula hayako sokoni, bali yako barabarani, na kwamba yanatokea saa mtu anapokuwa na njaa, amechoka, au amekwama kwenye foleni ya magari.

Vitu hivyo vinne ulivyovitaja ndivyo pia vinavyoubebesha mwili wako mzigo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyofichwa ndani ya smoki, mkate, viungo vya pakiti vya kutilia mchuzi, na ile inayonyunyizwa juu ya chipsi. Shirika hilo linataka sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, takriban gramu 50, na linasema ikishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Soda nyingi za kawaida zina kama gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 500 hukumalizia kiwango chote cha siku, na chai ya asubuhi hujaihesabu.

Hivi viwango vya gramu havimsaidii mtu asiye na mizani jikoni, kwa hiyo nakupa njia ninayoipenda kwa sababu inatumia pakiti mnazonunua tayari. Ninyi ni watu wanne. Gramu 5 za chumvi kwa kila mmoja ni gramu 20 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo haifai kuisha kabla ya siku 25. Na kwa kuwa watoto wanahitaji chumvi kidogo kuliko wakubwa, na nyingine mnaila nje, ingefaa ivuke mwezi mzima. Andika tarehe juu ya pakiti siku mnapoifungua. Fanyeni vivyo hivyo na sukari: kwa gramu 25 kila mtu, kilo mbili zinapaswa kuwafikisha siku 20. Mkiona zimeisha kwa siku tisa, mtakuwa mmepata kwa kalamu moja kipimo cha afya na kipimo cha matumizi, na hamtahitaji mtu wa kuwatafsiria.

Kuhusu oti, lozi na mafuta ya zeituni, viache dukani bila majuto. Ndengu, maharagwe, kunde, njugu karanga, omena, sukuma wiki, managu, terere, viazi vitamu na nduma vinaweza kukupa vitu ambavyo watu huvifuata katika vyakula hivyo vya bei. Omena huliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo hukupa protini na madini ya kalsiamu kwa pamoja, ila ioshwe vizuri kwa maji moto na isikaangwe ikielea kwenye mafuta. Gramu 100 za ndengu kavu zikipikwa zinamtosha mtu mzima kwa chakula cha mchana; kwa bei unayonunulia, hizo ni shilingi 18. Hata ukiongeza wali, nyanya, kitunguu na gharama ya moto, utakuwa umetumia takriban nusu ya bei ya chipsi, na hutaitafuta soda saa kumi na moja jioni kwa sababu ndengu hukaa tumboni muda mrefu.

Lakini hapa nina ombi, nalo nalitoa kwa uzito. Ushauri wa aina hii mara nyingi humwangukia mama wa nyumbani, aamke saa tisa usiku kumpikia mtu aliyeambiwa abadilishe chakula. Shinikizo la damu ni lako, kwa hiyo kazi nayo iwe yako kwa sehemu. Loweka maharagwe au ndengu mwenyewe kabla ya kulala, kwani vyakula vya jamii ya kunde vilivyolowekwa huiva upesi na hupunguza makaa au gesi. Chemsha chungu kikubwa Jumapili ikiwa mna friji, na ikiwa hamna, pika jioni kiasi cha mlo wa usiku na wa kesho, kisha ukitokose tena alfajiri kabla ya kukifunga. Siku ambayo kubeba chakula hakuwezekani, usirudi kwenye chipsi. Vibanda vya Eneo la Viwanda vinauza ugali, sukuma na maharagwe kwa wafanyakazi wa kila siku, na mwenye kibanda anayekuzoea hatakataa ukimwomba akupunguzie mafuta na chumvi.

Jimu huihitaji. Kiwango kinachopendekezwa ni angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na kutembea kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba kunatosha. Gari lako likipitia Jogoo Road, shuka City Stadium na utembee kuingia Eneo la Viwanda, lakini fanya hivyo kukiwa kumepambazuka, kwa maana usalama wako ni sehemu ya afya yako.

Swali: Nina miaka 26 na ninaishi Roysambu. Ninajali sana afya yangu, lakini kila mwisho wa mwezi niko kwenye deni. Ninalipia jimu, ninanunua pakiti ya vitamini na chai ya kusafisha mwili na kupunguza tumbo, jumla shilingi 7,500 kwa mwezi. Mara mbili nimechukua mkopo wa simu ili nisikatize mpango huu. Rafiki yangu anasema ninapoteza pesa, nami ninaamini ninawekeza katika mwili wangu. Nani ana haki?

Jibu: Dada, nia yako ni njema, na ndiyo maana inaniumiza kuona inatumiwa kukutoa pesa. Kazi ya kusafisha mwili hufanywa na ini na figo mchana na usiku. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina majani ya sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Uzito unaopungua ni maji na kinyesi, hurudi ukishakula na kunywa, na matumizi ya muda mrefu yanaweza kuvuruga madini ya mwili na kazi ya matumbo. Acha chai hiyo mwezi huu huu.

Vitamini zina mahali pake. Mama mjamzito anahitaji madini ya chuma na asidi ya foliki, naye hupewa kliniki. Aliyepimwa na kukutwa na upungufu wa damu hupewa tiba yake. Mtu anayekula matunda, mboga za majani, maharagwe na mayai, na asiyekuwa na upungufu uliothibitishwa, haongezewi mengi na pakiti ya bei. Ukidhani una upungufu, lipia kipimo cha damu mara moja kabla ya kulipia vidonge mwaka mzima.

Jimu siipingi. Ikiwa unaenda mara tatu au nne kwa wiki na unaifurahia, nayo haikukopeshi, ibaki. Ikiwa unaenda mara mbili kwa mwezi, gawanya ada kwa idadi ya siku ulizoenda kweli, utaona bei halisi ya kila ziara. Kamba ya kuruka, ngazi za jengo lenu, na matembezi na wenzako Jumamosi ndani ya msitu wa Karura, ambao kiingilio chake unakilipa siku unapokwenda tu, vinaweza kuutumikisha mwili wako vya kutosha.

Ninachokikataa waziwazi ni mkopo. Deni la simu huja na ada na muda mfupi wa kulipa, na mtu mwenye deni hapati usingizi mzuri, hukasirika upesi, na huanza kuruka milo ili alipe. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Afya iliyokopewa pesa zinazokuondolea usingizi tayari umeilipia mara mbili. Maliza deni kwanza, kisha zile 7,500 uzigawe: sehemu moja iongeze matunda na protini kwenye sahani yako, sehemu moja iende kwenye akiba ya matibabu ambayo huigusi kwa jambo lingine, ama katika chama au katika Sacco unayoiamini.

Swali: Ninauza mboga Kawangware na nimetimiza miaka 58. Nina presha kwa miaka kadhaa sasa. Dawa hununua kemisti, na biashara ikiwa mbaya humeza siku zile tu kichwa kinaponiuma, ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Wanangu hawajui. Mwanangu mkubwa anasoma chuoni na sitaki kumpa wasiwasi. Je, kuna ubaya nikimeza hivi kwa muda tu?

Jibu: Shikamoo mama. Asante kwa kuniambia jambo ambalo hujawaambia hata wanao. Jibu langu ni kwamba ubaya upo, nao ni mkubwa, na ningekuomba uanze kumeza dawa kila siku kama ulivyoandikiwa, kuanzia leo, hata kabla ya kupata suluhisho la pesa.

Presha kwa kawaida haina dalili. Kichwa kinaweza kukuuma shinikizo likiwa chini, na siku unayojisikia mwepesi na mwenye nguvu likawa juu kupita kiasi, likiumiza mishipa ya ubongo, moyo na figo bila kukupa ishara yoyote. Dawa humezwa ili shinikizo lisipande, kwa hiyo kusubiri kichwa kiume ni kusubiri madhara. Na kwa upande wa pesa, mama, fikiria ni nini kinachokingwa na kidonge hicho. Mtu aliyepatwa na kiharusi huenda asiweze kuinua kiroba cha sukuma tena, na mmoja wa watoto huacha kazi au masomo ili amhudumie. Aliyeharibikiwa na figo huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kila wiki. Katika bajeti ya nyumba yako nzima, sioni kitu kingine chenye bei ndogo hivyo kinachozuia gharama kubwa hivyo.

Pesa zitatoka wapi? Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF, ile bima ya afya ya taifa ya zamani. Kujisajili kunafanywa kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *147#, na mhudumu wa afya ya jamii anaweza kukusaidia. Kwa mpango huo, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 hugharimiwa na hazina ya serikali kwa mtu aliyejisajili, hata kama bado hajaanza kulipa mchango wake wa mwaka. Mchango huo, ambao kwa watu wasio na ajira ya mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba, ndio unaohitajika ukilazwa hospitalini. Basi peleka kadi na pakiti ya dawa zako katika kituo cha afya cha umma kilicho karibu, uandikishwe kwenye kliniki ya presha, na uzoee kuchukua dawa huko.

Najua kwamba dawa wakati mwingine hukosekana vituoni, na sitaki ufike huko ukavunjika moyo. Nenda wiki moja kabla ya dawa zako kuisha, si siku zinapoisha. Zikikosekana, omba uandikiwe jina halisi la dawa, si jina la kampuni, kisha katika kemisti iliyosajiliwa uulize bei ya ile iliyo nafuu zaidi yenye jina hilo na nguvu hiyo. Dawa nyingi za presha, kama amlodipini na hidroklorothiazidi, hutengenezwa na kampuni nyingi, na tofauti ya bei kati ya pakiti mbili zenye kiini kile kile inaweza kuwa kubwa mno. Nunua za wiki mbili ikiwa za mwezi hazipatikani kwa mkupuo, na kila asubuhi unapofungua biashara weka kando shilingi chache za dawa kabla ya kuhesabu faida, jinsi unavyoweka kando pesa za kurudi sokoni. Usibadilishe aina ya dawa bila mhudumu wa afya kujua, na usimeze za jirani hata kama ugonjwa unafanana.

Jambo la mwisho nalisema kwa heshima. Mwambie mwanao. Mtoto aliyefika chuo kikuu ni mtu mzima, naye anaweza kukukumbusha kwa simu kila jioni bila kugharimika. Atakayeumia zaidi ni yule atakayejua siku ambayo hakuna la kufanya.

Swali: Tunaishi katika jengo la kupanga Kasarani. Maji ya mfereji ni ya kisima kilichochimbwa na mwenye jengo. Mke wangu huyachemsha kwa robo saa na gesi inaisha haraka, nami nasema tununue tu ya chupa. Tuna mtoto wa miaka mitatu. Lipi ni nafuu na salama?

Jibu: Kuchemsha robo saa ni kupoteza gesi. Maji yakitokota kwa nguvu kwa dakika moja, vijidudu vinavyoleta kuhara na homa ya matumbo hufa. Ni katika nyanda zilizopita mita 2,000 ndipo watu hushauriwa wafikishe dakika tatu, na Nairobi kwa sehemu kubwa iko chini ya hapo. Funikeni sufuria, maji yapoe humo humo, kisha yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko na bomba, kwa kuwa maji mengi safi huchafuliwa na kikombe kinachochovywa. Dawa ya klorini ya kutibu maji nayo ni nafuu kuliko gesi, ikiwa mtafuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Hata hivyo, kwa ajili ya mtoto wenu lipo jambo ambalo moto hautibu. Maji ya visima virefu katika maeneo mengi ya Nairobi yana madini ya floraidi kwa kiwango cha juu, na kuchemsha hakuyaondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa yaliyozidi hapo katika miaka ambayo meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, yaani hadi kama miaka minane, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Mwombeni mwenye jengo awaonyeshe matokeo ya vipimo vya kisima chake. Ikiwa hana, au kiwango kimezidi, basi maji ya kisima yaoshe nguo na vyombo, nanyi mnunue ya kunywa na ya kupikia uji wa mtoto tu, kutoka kwa muuzaji anayejaza madumu ya lita 20 na aliye na kibali cha ubora, au mchote ya mfereji wa kaunti kwa jirani aliye nayo na myachemshe dakika ile moja. Chupa ndogo za dukani waachieni wasafiri.